Siku ya kasi imekwama? Anza kutafuta chanzo siku ya jana

Ikifika Januari, maswali kwenye kikundi chetu cha joging hapa Dar es Salaam yanakuwa ya aina moja. Watu wameshajiandikisha kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, mbio zinazokimbiwa Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Mwaka uliopita walimaliza, wakapiga picha na medali, wakarudi. Safari hii wanataka kupunguza muda. Mtu anasikia kwamba bila mazoezi ya kasi muda haushuki, anaongeza siku moja ya kasi kwenye wiki yake, halafu baada ya wiki tatu anakuja analalamika: "Kaka, mbona miguu imegoma?"

Nimewasikiliza wengi na mimi mwenyewe nimepita humo. Karibu kila mara tatizo linaonekana siku ya kasi lakini limezaliwa siku nyingine: jana yake, Jumapili ya mbio ndefu, usiku wa kupata usingizi wa saa nne tu, au kwenye kipimo kilichokosewa tangu mwanzo. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na dalili kama mkimbiaji anavyoisema mwenyewe, kisha unarudi nyuma kutafuta ilikotoka.

Kwanza tupate kipimo

Huwezi kujua kama umekimbia kasi kupita kiasi kama hujui kiasi chako. Chagua asubuhi moja ambayo hujachoka, pasha mwili moto kwa dakika 15, kisha kimbia kilomita 5 kwa nguvu zako zote zilizopangika. Chukua muda huo, uzidishe kwa 4.6. Utapata makadirio ya nusu marathoni, kwa masharti kwamba umefanya mbio ndefu za kutosha na njia ni tambarare.

Nitatumia mfano wa dada mmoja wa kikundi chetu, mhasibu, ambaye amekubali nieleze habari zake bila jina. Kilomita 5 alikimbia dakika 28, yaani 5:36 kwa kila kilomita. Mara 4.6 inakuja dakika 128.8, karibu saa 2 na dakika 9. Hapo mwendo wake wa mbio ni takriban 6:06 kwa kilomita. Mwendo wa tempo, ule ambao mtu anaweza kuushikilia kwa muda wa saa moja hivi, kwake ni kama 5:50. Siku nyepesi anatakiwa awe kati ya 7:00 na 7:30. Namba hizi nne zimetatua nusu ya matatizo yake.

Kama huna saa ya kisasa usijali, salamu zetu zinatosha kuwa kipimo. Mwenzako akikuamkia njiani, "Habari za asubuhi? Za nyumbani? Watoto hawajambo? Kazi je?" na ukaweza kumjibu zote moja baada ya nyingine na kumuuliza za kwake, huo ni mwendo mwepesi. Ukiweza kusema "nzuri" na kuishia hapo, uko kwenye tempo. Ukiinua mkono tu bila neno, uko kwenye mwendo wa vipande vya kasi, yaani mbio fupi za nguvu zenye mapumziko katikati. Naitumia kila siku na sijaona saa iliyonishinda kwa hilo.

"Vipande vya mwanzo navipaa, vya mwisho nakufa"

Zoezi la dada yule lilikuwa vipande vitano vya kilomita moja moja, na mapumziko ya dakika mbili na nusu ya kutembea katikati. Lengo lilikuwa 5:36 kila kipande. Saa yake ilinionyesha hivi: 5:08, 5:21, 5:40, 6:02. Cha tano hakukifanya, aliinama ameshika magoti pembeni ya barabara.

Alichokuwa anakiangalia yeye ni wastani. Ukivijumlisha vipande vile vinne unapata wastani wa 5:33, kwa hiyo alidhani zoezi limekwenda vizuri isipokuwa alipungukiwa na moyo wa kujikaza mwishoni. Ukweli ni kwamba hakuna hata dakika moja aliyokaa kwenye mwendo aliotumwa kuufanyia mazoezi. Viwili vya kwanza vilikuwa mbio za kukata pumzi, viwili vya mwisho vilikuwa mbio za mtu aliyekwisha choka. Mwili haujui wastani.

Chanzo hapa mara nyingi ni furaha tu. Umelala vizuri, kuna wenzako, mguu unaita. Sisi Watanzania pia tumelelewa na habari za Filbert Bayi, aliyeongoza mwanzo mwisho kule Christchurch mwaka 1974 na kuweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Ni jambo la kujivunia sana. Lakini zile ni mita 1500 na yule ni Bayi. Anayejiandaa kwa kilomita 21 anahitaji kujifunza kitu tofauti: kuanza akiwa anajizuia.

Dawa yake ni kukubali kwamba kipande cha kwanza kiwe cha polepole kuliko vyote na cha mwisho kiwe cha haraka kuliko vyote. Wiki iliyofuata dada alirudi na namba hizi: 5:42, 5:38, 5:36, 5:35, 5:29. Wastani ni 5:36 kamili, na alipomaliza alisema angeweza kufanya kingine kimoja. Hiyo kauli ndiyo ninayoitafuta. Zoezi la kasi likiisha bado uwe na kipande kimoja mwilini.

Umepanga mwendo vizuri na bado unakufa kipande cha tatu? Basi sikiliza ni kitu gani kinachokata kwanza. Pumzi ikikata huku miguu bado ina nguvu, mwendo ni mkubwa kuliko uwezo wako wa sasa, au joto limezidi. Miguu ikiwa mizito huku pumzi ipo, umefika ukiwa na uchovu wa mbio ndefu au wa jana yake, na jibu liko kwenye dalili inayofuata.

"Nafanya kasi wiki ya sita sasa, muda haushuki"

Hili ndilo ninalokutana nalo kuliko yote.

Mwambie mtu mwenye dalili hii akuonyeshe kumbukumbu za wiki nzima. Utakuta Jumanne, siku ya kasi, alikimbia wastani wa 6:00. Alhamisi, siku nyepesi, 6:15. Jumamosi 6:10. Jumapili, mbio ndefu, 6:20. Siku zote zimefanana. Siku nyepesi siyo nyepesi, na kwa sababu hiyo siku ya kasi haina kasi. Mwili haupati nafasi ya kujijenga, maana kinachokuongezea uwezo ni kupona baada ya zoezi. Zoezi lenyewe linaacha uchovu tu.

Kwa nini watu wanafanya hivi? Kwanza ni kikundi. Asubuhi tukitoka Coco Beach watu kumi, wenye nguvu wako mbele, na hakuna anayetaka kuonekana amebaki nyuma. Pili ni programu za simu, ambapo kila mtu anaona mwendo wako na mtu anaona aibu kuweka 7:20. Tatu, na hili nalielewa kabisa, ni muda. Mtu anatoka Mbagala au Kimara, anatakiwa awe kazini saa mbili asubuhi, ana dakika 45 tu, anaona akikimbia polepole anapoteza.

Kajaribu siku moja kuangalia wakimbiaji wa Iten kule Kenya wanavyoanza mbio zao nyepesi. Watu wenye medali za dunia wanaondoka kwa mwendo ambao mimi na wewe tungeweza kuwafuata kwa muda, wakipiga soga. Kisha Alhamisi asubuhi kundi kubwa linakusanyika kwa fatileki, yaani kubadilisha mwendo kwa dakika, dakika kali na dakika nyepesi kwa kupokezana, na hapo hutamwona mtu akipiga soga. Tofauti kati ya siku na siku ni kubwa mno. Sisi wa kujifurahisha tumeifuta ile tofauti, halafu tunashangaa.

Kwa mtu anayekimbia siku nne kwa wiki na jumla ya kilomita 35 hivi, kilomita za kasi zikiwa 5 hadi 7 zinatosha kabisa. Nyingine zote ziwe za kujibu salamu zote. Siku moja ya kasi kwa wiki, na kama umeshakimbia mwaka mzima bila kuumia unaweza kuongeza ya pili ndogo. Ukiona aibu kwenye kikundi, nenda peke yako siku ya nyepesi, au kaa na wanaoanza. Wenyewe watafurahi kuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Mpe wiki tatu. Mara nyingi wiki ya kwanza mtu analalamika kwamba hajisikii kama amefanya mazoezi. Ya pili anashangaa miguu ni myepesi Jumanne. Ya tatu namba zinaanza kusogea.

"Mita 400 niko moto, lakini kilomita ya 15 nazimika"

Huyu ana kasi. Alichokosa ni kuibeba. Vipande vifupi vya mita 200 na 400 vinamsaidia mtu wa kilomita 5, na vinafaa mwanzoni mwa maandalizi kuzoesha miguu kuzunguka haraka. Kwa kilomita 21, kasi inayolipa zaidi ni ya tempo. Anza na dakika 10 mara mbili, mapumziko dakika mbili za kukimbia polepole. Baada ya wiki mbili fanya mara tatu. Ukifika dakika 25 mfululizo kwenye mwendo wa kusema "nzuri" na kuishia hapo, umejenga kitu.

Halafu iangalie mbio ndefu. Kama ndefu yako kuliko zote ni kilomita 12, huko kuzimika kilomita ya 15 hakuhusiani na kasi hata kidogo. Jenga polepole hadi kilomita 16, kisha 18. Zikibaki wiki tano au nne, chukua mbio ndefu ya kilomita 16, kilomita 12 za kwanza ziwe nyepesi na nne za mwisho ziwe kwenye mwendo wa mbio. Nalipenda zoezi hili kuliko yote, na siku ukilifanya usifanye kasi nyingine katika siku mbili kabla wala mbili baada yake.

Kuna chanzo cha tatu ambacho watu hawakitaji: tumbo tupu. Wengi wetu tunaamka saa kumi na moja alfajiri, tunakunywa maji, tunatoka. Kwa dakika 50 inawezekana. Kwa mbio za zaidi ya saa moja na nusu, sukari ya mwilini inapungua na miguu inakataa hata kama mapafu yako tayari. Kula kipande cha mkate, ndizi mbivu au viazi vitamu saa moja na nusu kabla, na beba tende tatu nne au glukosi ya kuchanganya na maji. Jaribu kwenye mazoezi, usisubiri siku ya mbio kulifundisha tumbo jambo jipya.

"Muundi unauma tangu nianze kasi"

Hapa naomba usome taratibu, maana mimi mwenyewe nilipoteza Januari na Februari nzima kwa kupuuza.

Nilikuwa nimepumzika Desemba yote, nikarudi na hamu. Wiki ya kwanza nilifanya mita 400 mara kumi kwenye lami. Wiki ya pili tena. Wiki ya tatu muundi wa kushoto ukaanza kuuma kwa ndani, chini kidogo ya katikati, ukipona nikishapasha mwili na kurudi jioni. Niliendelea. Wiki ya nne nilikuwa nikishuka ngazi za daladala kwa mguu mmoja.

Misuli na mapafu vinazoea kasi kwa wiki chache. Mifupa na kano vinachukua muda mrefu zaidi, na ndiyo maana mtu anajisikia ana nguvu huku miguu haijawa tayari. Ukianza kasi, wiki nne za kwanza zisiwe na vipande vikali kabisa. Weka minyapuo, yaani baada ya mbio nyepesi unaongeza mwendo polepole kwa sekunde 20, unatembea hadi pumzi irudi, unarudia mara nne hadi sita. Fanya mara mbili kwa wiki. Pili, tafuta udongo uliokaa vizuri au nyasi kwa sehemu ya mbio zako. Lami zetu nyingi zimeinama kuelekea mtaroni, na ukikimbia upande uleule kila siku mguu mmoja unakuwa kama mrefu kuliko mwingine. Ukifanya vipande uwanjani peke yako, geuza uelekeo nusu ya zoezi.

Angalia na raba. Wengi tunanunua za mtumba, na kuna nzuri sana ukijua kuchagua. Iweke juu ya meza, inama uitazame kwa nyuma. Ikiwa imelala upande mmoja, iache. Bonyeza soli ya katikati kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama mbao na ina mikunjo mingi pembeni, imeshakufa hata kama juu inang'aa.

Maumivu yaliyosambaa kwenye muundi mzima, yanayopungua ukipasha, kwa kawaida yanatulia ukipunguza kilomita na kuondoa kasi kwa wiki mbili. Lakini ukiweza kuonyesha kwa ncha ya kidole sehemu moja juu ya mfupa inayouma, ikauma hata ukiwa umelala, au ukishindwa kuruka kwa mguu huo mmoja, simama kabisa na umwone daktari. Huenda mfupa una ufa mdogo. Vivyo hivyo kano ya nyuma ya kisigino ikiwa imevimba na imekakamaa kila asubuhi unapoweka mguu chini, ukiendelea na kasi unalima shamba la miezi sita ya kukaa nje.

"Nimechoka tu, sina hamu hata ya kuvaa raba"

Hesabu mapigo ya moyo asubuhi kabla ya kutoka kitandani, kwa wiki moja ukiwa mzima. Andika. Siku utakayokuta yamezidi kawaida yako kwa 7 au 8, na usingizi haukuwa mzuri, hiyo siku ya kasi iahirishe. Ukikosa Jumanne fanya Jumatano. Ukikosa Jumatano, wiki hiyo haina kasi na maisha yanaendelea. Usijaribu kulipa deni kwa kubana siku mbili za kasi pamoja. Nimeona watu wengi wakiumia wakilipa deni kuliko wakikosa zoezi.

Chanzo cha kawaida ni mpangilio: mbio ndefu Jumapili, kasi Jumatatu au Jumanne alfajiri, katikati kuna siku nzima ya kazi na saa mbili za foleni. Isogeze kasi hadi Jumatano. Badiliko hilo moja limewafaa watu wengi kwetu kuliko ushauri mwingine wowote nilioutoa.

Lakini tunaishi mahali ambapo uchovu una sababu nyingine. Mwili ukiuma, kichwa kikiuma, homa ikipanda na kushuka, nenda kapime malaria kabla hujajilaumu kwamba umezidisha mazoezi. Homa ya aina yoyote na zoezi la kasi havikai pamoja. Na kina dada wanaopata hedhi nzito, uchovu usioisha na kuhema kupita kawaida kwenye mwendo uliokuwa mwepesi ni sababu tosha ya kwenda kupima wingi wa damu. Dada mmoja alikimbizana na ratiba miezi minne, kumbe damu ilikuwa chini. Alipotibiwa, mwendo ulirudi bila kuongeza zoezi hata moja.

"Desemba nilikuwa vizuri, Januari mwendo umeporomoka"

Kama unakaa pwani, huenda hujaporomoka kabisa. Kuanzia Desemba hadi Machi jua ni kali na hewa ina unyevu mwingi, jasho linatiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Moyo unapeleka damu kwenye ngozi kupoza, miguu inapata kidogo. Mwendo wa 5:50 wa Julai unaweza kuwa 6:10 Januari kwa juhudi ileile. Mtu anayelazimisha namba za Julai anafanya zoezi kali kuliko alilopangiwa, kila wiki, bila kujua.

Tumia kipimo cha salamu, saa iache ihesabu muda tu. Badala ya kilomita moja mara tano, fanya dakika tano mara tano. Ongeza nusu dakika kwenye mapumziko. Toka kabla jua halijachomoza, lakini chagua mahali penye taa na watu, na usiende peke yako gizani, hasa kina dada. Daraja la Tanzanite, lenye urefu wa kilomita 1.03, lina njia ya waenda kwa miguu na upepo wa bahari, ila kumbuka upepo huo unaokusukuma ukienda utakuzuia ukirudi, kwa hiyo usilinganishe kipande cha kwenda na cha kurudi.

Waliofunga nao wana suala lao. Miaka hii Ramadhani inaangukia katikati ya maandalizi ya Moshi au karibu kabisa na mbio; mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari. Mwezi huo usijenge kasi mpya, linda uliyonayo. Mbio nyepesi fanya nusu saa kabla ya kufuturu, ili ukimaliza maji yako karibu. Zoezi moja la kasi kwa wiki, lililopunguzwa hadi nusu, lifanye kwenye saa mbili usiku hivi, baada ya futari nyepesi, kabla hujala chakula kizito.

"Saa inasema 4:50, mara 6:30, mara 5:15"

Karibu na majengo marefu na chini ya miti mikubwa saa inapoteza setilaiti, na kwenye kona za uwanja inakata njia. Uwanjani amini mstari: mzunguko wa njia ya ndani kabisa ni mita 400. Kwingine kimbia kwa dakika.

"Kichomi kinanibana kila siku ya kasi"

Mara nyingi ni chakula au maji mengi chini ya saa moja na nusu kabla, au kuanza kwa nguvu bila kupasha mwili. Kikibana, punguza mwendo, toa pumzi yote nje kwa nguvu mara kadhaa, bonyeza pale panapouma huku umeinama kidogo. Kinachorudi kila mara hata ukiwa na tumbo jepesi, kiangaliwe hospitali.

"Tambarare niko sawa, mlima ukianza nimekwisha"

Watu wa Dar na Tanga na Zanzibar wanaokwenda Moshi wanaumizwa na jambo hili kila mwaka. Njia ya kilomita 21 inaondoka eneo la uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, inapanda kuelekea Mweka kwenye miguu ya mlima, kisha inageuka na kushuka. Mtu aliyefanya kasi yake yote kando ya bahari anakuja na mwendo wa 6:06 kichwani, anaulazimisha kwenye kupanda, na kufika juu hana kitu. Halafu wakati wa kushuka, anapotegemea kulipiza, mapaja yanatetemeka.

Wiki moja kati ya mbili, badilisha siku ya kasi iwe ya mlima. Kwa wa Dar, Mlimani kule Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Pugu, tafuta mpando unaochukua sekunde 60 hadi 90. Panda kwa nguvu ya kuinua mkono bila neno, shuka ukitembea, mara sita, baadaye nane. Faida yake ni kwamba mapafu na misuli vinafanya kazi ya kasi huku miguu ikigonga chini taratibu, kwa hiyo hata mwenye muundi unaolalamika anaweza mara nyingi kuvumilia. Ukipanda, fupisha hatua, tazama mita kumi mbele, mikono ndiyo ivute.

Na kushuka kufanyiwe mazoezi pia. Mara mbili au tatu katika maandalizi yote, shuka mpando mrefu ukikimbia kwa mwendo unaoudhibiti, hatua fupi za haraka, bila kujizuia kwa kisigino. Mapaja yatauma siku mbili. Yakishapona yanakuwa yamejifunza, na safari ijayo hayaumi vile. Fanya mara ya mwisho wiki tatu kabla ya mbio, usiikaribie mbio zaidi ya hapo.

Siku yenyewe, kupanda kuende kwa juhudi ya "nzuri" na kuishia hapo, hata saa ikikuambia 6:45. Muda utaurudisha ukigeuka.

"Wiki ya mwisho miguu imekuwa mizito"

Kuna makundi mawili. Wapo walioogopa, wakafanya zoezi kali la kujipima siku nne tano kabla ya mbio. Na wapo walioacha kila kitu siku kumi, wakakaa. Wote wanafika Moshi na miguu ya magogo.

Zoezi kubwa la mwisho la kasi liwe siku kumi hadi kumi na mbili kabla. Baada ya hapo kata kilomita hadi karibu nusu, lakini ladha ya kasi ibaki: Jumanne au Jumatano ya wiki ya mbio, dakika mbili mara nne kwenye mwendo wa mbio, na Jumamosi mbio nyepesi ya dakika 20 zenye minyapuo mitatu. Ukisafiri kwa basi kutoka Dar, ni siku nzima ya kukaa, kwa hiyo safiri Ijumaa kama kazi inaruhusu, na ukishuka tembea nusu saa.

"Kilomita mbili za mwisho sina cha kuongeza"

Kama umefuata mengine yote na bado hili linabaki, jaribu hivi kwenye vipande vyako: dakika mbili za mwisho za kila tempo, usiongeze nguvu, ongeza mzunguko wa miguu tu. Hatua fupi, haraka, mabega yashuke. Septemba 2025 huko Tokyo, Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na Amanal Petros wa Ujerumani alipewa muda huohuo. Dhahabu iliamuliwa kwa sehemu ndogo ya sekunde baada ya kilomita 42. Mkanda wa dakika ile ya mwisho unapatikana. Utazame, usiangalie sura ya Simbu, angalia miguu yake inavyozunguka, kisha Jumatano alfajiri kaifanyie mazoezi ukiwa umechoka.